Isombe ya Kabla ya Kipimo

Mdogo wangu hakuwa akija kunitazama mimi. Alikuwa akija kutazama figo lake. Akifika mlangoni, hata viatu hajavua, anauliza, "Figo yangu iko namna gani?" Nami namjibu kwamba lipo, limeamka salama, linamsalimu. Hapo ndipo anapokumbuka kwamba figo hilo limezungukwa na mtu mzima, tena dada yake mkubwa, ananishika mabega na kunisalimu kama tulivyolelewa.

Sikuwa na neno. Figo lilikuwa lake kweli. Alinipa moja kati ya mawili aliyokuwa nayo, na kwa maoni yake aliliazimisha tu, likae kwangu kwa kuwa kwangu kulikuwa na shida.

Tulizaliwa Bujumbura, katika mtaa ambao hata watoto wachanga walilia kwa Kiswahili, kisha tukarudi Rwanda, kwa wazee wetu, tukiwa wasichana. Yeye aliolewa Kabuga, pembezoni mwa Kigali, na huko akashika biashara ya isombe, yale majani ya muhogo ambayo Watanzania wanayaita kisamvu. Anayanunua asubuhi, anayatwanga, anayauza sokoni yakiwa tayari kuingia chunguni, na wenye mabasi ya kwenda mashariki wanamjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Mimi nilikaa Niboye, Kigali kwenyewe, nikafungua chumba cha cherehani upande wa barabara. Nashona sare za shule, blauzi, na mishanana, lile vazi letu la harusi linalofungwa begani. Yeye ni mtu wa kelele, mimi ni mtu wa hasira. Mume wangu husema kwamba mama yetu aliugawa moto mmoja kwenye majiko mawili.

Mafigo yangu yalipokufa, nilisafishwa damu kwa mashine kwa muda mrefu. Walinichoma mpira shingoni, ukashuka ndani mpaka karibu na moyo, na damu ilipita humo kwenda kwenye mashine na kurudi. Sitaeleza sana habari za mashine ile. Inachosha hata kuikumbuka. Nilikuwa nikirudi nyumbani sina nguvu ya kutia uzi kwenye sindano, na wateja wangu wakaanza kwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, mwanamke anayeshona mikono ya blauzi isiyolingana.

Mdogo wangu ndiye aliyesema kwanza, "Wachukue yangu." Akapelekwa kupimwa, na hapa ndipo mambo yote yalipoanzia. Kabla ya kila kipimo alikula isombe. Alikula asubuhi, akala jioni, akala na ugali, akala na wali, kwa sababu sisi tuliambiwa tangu utotoni kwamba majani ya kijani ndiyo yanayoleta damu. Mwanamke akijifungua anapikiwa dodo, yaani mchicha. Mtu akitoka malaria anapikiwa isombe. Vipimo vyake vikatoka vizuri vyote, daktari akamsifu kwamba ana damu nzuri. Basi, kwake hapakuwa na swali tena. Isombe ndiyo iliyofaulu mtihani, yeye aliisindikiza tu.

Upasuaji ulifanyika hapahapa Kigali. Nilipozinduka niliambiwa kwamba figo limeanza kazi palepale mezani, na mkojo unatoka. Asiyepata kuishi bila kukojoa hawezi kujua furaha ile. Mdogo wangu alikuwa kitanda cha chumba cha pili, ana maumivu kuliko mimi, lakini alipopewa habari alimwambia nesi, "Hiyo nimeifundisha mimi. Kwangu hakuna kulala hovyo." Nesi alikuja kunisimulia akicheka, nami nikacheka huku nimeshika mshono.

Nilirudi nyumbani. Niliketi mbele ya cherehani yangu nikashona gauni zima bila kupumzika. Nilidhani yamekwisha.

Kisha nikaanza kuchoka. Ulikuwa uchovu wa namna nyingine, wa kupanda ngazi ya nyumba na kusimama katikati. Moyo ulikuwa ukienda mbio nami nimekaa. Hospitalini wakanipeleka kwa daktari wa moyo, kijana aliyekulia Uganda, mwenye mikono baridi na adabu nyingi. Alinipaka ule ute kifuani, akazungusha kifaa chake, akitazama kioo na kunieleza hiki na kile, vali hii, chumba hiki. Halafu akanyamaza. Alirudisha kifaa palepale mara nyingi, na ule ukimya wake ndio ulionitisha kuliko neno lolote alilosema baadaye.

"Mama," alisema, "ndani ya moyo iko kitu."

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo tulihamia Kinyarwanda, naye akikwama anarukia Kiingereza, mimi nikikwama narudi Kiswahili. Hivyo ndivyo tulivyoelewana. Damu ilikuwa imeganda ndani ya moyo, katika chumba cha juu cha kulia. Ule mpira wa shingoni uliokuwa umenilisha uhai ncha yake ilikuwa ikigusagusa mahali pale, damu ikajikusanya hapo kidogo kidogo, na mpira ulipotolewa bonge likabaki. Lilikuwa limeshikilia ukuta wa moyo na ncha yake ilikuwa ikicheza kila moyo ulipopiga. Aligeuza kioo nikaliona. Nilitamani asingekigeuza.

Nikamuuliza likibanduka itakuwaje. Akaniambia bila kuzungusha: litakwenda kwenye mapafu, na huenda lisitupe nafasi ya kufika hospitali. Likikataa kuyeyuka kwa dawa, itabidi kupasua kifua, na kumpasua kifua mtu ambaye bado anameza dawa za kulinda figo jipya ni jambo ambalo asingependa kulifanya.

Niliogopa sana. Nilijiogopea mimi, sitasema uongo, lakini nililiogopea pia lile figo. Mdogo wangu alikuwa amechanwa ubavu, amekosa soko kwa muda, anatembea na moja tu lililobaki. Nikifa, nitaondoka na mali yake. Nilikaa kwenye benchi nje ya kliniki nikiwaza jambo hilo tu, kwamba nitazikwa na kitu cha mtu.

Nikapewa dawa ya kuifanya damu isigande ovyo. Dawa hiyo ina masharti kama mama mkwe. Ukimeza kidogo, bonge linakua. Ukimeza kupita kiasi, unavuja damu hata kwa kupiga mswaki. Kwa hiyo kila Jumanne nilikuwa nakwenda kutolewa damu, wanapima inachukua muda gani kuganda, halafu daktari anaamua kipande cha kidonge cha juma lile. Nesi alinisomea mengi siku ya kwanza, kuhusu dawa za maumivu, kuhusu pombe, kuhusu kutobadilisha chakula ghafla. Niliitikia yote. Mimi sinywi pombe, na chakula changu kilikuwa kilekile cha kwetu.

Mdogo wangu aliposikia habari ya bonge hakulia. Aliuliza tu, "Kipimo ni siku gani?"

"Jumanne."

"Sawa. Hiyo Jumanne watakuta damu."

Jumamosi akaja na sufuria. Ilikuwa isombe ya kwetu hasa, ya Bujumbura, yenye mawese na karanga, imechemka mpaka majani yamesahau kwamba yalikuwa majani. Aliiweka mezani, akampiga mume wangu mkono alipofunua kifuniko. "Shemeji, hii si ya weye. Hii ni ya figo." Akanitilia sahani nikala. Akanitilia tena. "Kula, dada. Figo hiyo imekulia Kabuga, haijazoea chakula cha wagonjwa. Na Jumanne wanakutoa damu, unataka watoe nini? Maji?"

Nilikula Jumamosi, nikala Jumapili baada ya misa, nikaimalizia Jumatatu. Sufuria ya mtu hairudi na chakula chake wala hairudi tupu. Nilikuwa naiosha, natia viazi au sukari ndani, anaondoka nayo Jumamosi inayofuata. Kusema kweli sikulazimishwa. Isombe yake ni tamu, na mtu aliyekupa figo akikwambia kula, unakula.

Jumanne damu ikawa nzito. Daktari akaongeza dawa. Jumamosi sufuria, Jumanne damu nzito, dawa ikaongezwa tena. Picha ya moyo iliporudiwa, bonge lilikuwa palepale, halijapungua hata kidogo. Daktari alinitazama kwa ile adabu yake.

"Mama, unameza dawa kweli?"

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Nikamuuliza ananionaje mimi, mtu niliyepewa figo na mtoto wa mama yangu, kwamba nitarushia kuku dawa? Akaomba radhi. Akaongeza dawa.

Wakati huohuo kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikulihusisha na lolote. Fundi cherehani hujichoma sindano, hiyo ni kazi. Mwanzoni mwa wiki nilikuwa najichoma, nanyonya kidole, naendelea. Lakini ikifika Alhamisi au Ijumaa, tone lilikuwa halikauki. Ijumaa moja nilikuwa namalizia mushanana wa bibi harusi, kitambaa cha rangi ya maziwa, nikajichoma kidogo tu, nikadhani nimefuta. Nilipokiinua kitambaa kilikuwa na doa la damu kubwa kama sarafu. Nililia kwa hasira, nikafua kwa maji baridi na chumvi, na mahali palipokataa kutakata nikapashonea ua la shanga. Bibi harusi alilipenda lile ua kuliko vazi lenyewe. Akataka la pili upande wa pili.

Kisha ikaja Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi ya pamoja, ambayo mabasi hayatembei mpaka karibu na mchana. Mdogo wangu alikuwa na harusi Kabuga upande wa mumewe, na alipomaliza kulima mtaro na wenzake wa mtaa hakukuwa na nafasi ya kuja kwangu. Alinipigia simu akiomba msamaha kana kwamba ameniachia mtoto barabarani. Nikamwambia apumzike. Tulikula maharage.

Jumapili ufizi wangu ulitoa damu. Jumatatu pajani palikuwa na alama ya buluu, na sikukumbuka kujigonga popote. Jumanne daktari aliitazama karatasi ya maabara, akaniambia nisitembee, nikae hapohapo kwenye kiti. Damu ilikuwa imekuwa nyepesi mno. Dawa yote aliyokuwa akiniongezea juma kwa juma ilinishukia kwa pamoja. Akaagiza nilazwe niangaliwe.

Akavuta kiti akaketi mbele yangu. "Juma hili umefanya nini tofauti?"

"Sikufanya kitu."

"Dawa mpya? Za kienyeji?"

"Hakuna. Hata mdogo wangu hakuja."

Alitabasamu, akaanza kusema jambo jingine, halafu akasita. "Huwa anakuja na nini?"

Nikamwambia. Kona za mdomo wake zikaanza kucheza. Akauliza sufuria kubwa kiasi gani, nikamwonyesha kwa mikono. Akauliza ninakula lini, nikamwambia. Akafunika uso kwa viganja akacheka, kisha akajikaza akanieleza. Majani ya kijani yana kitu kinachoisaidia damu kuganda. Dawa yangu na isombe zilikuwa zikivutana kamba kila wiki. Jumamosi mpaka Jumatatu isombe inashinda, na yeye ananipima Jumanne, anaona dawa haitoshi. Akiongeza, isombe imekwisha, dawa inabaki peke yake uwanjani hadi Jumamosi. Doa la mushanana lilitoka huko. Bonge nalo lilikuwa likinawiri huko.

"Basi niache isombe," nikasema.

"Hapana. Isombe si sumu. Kula kila siku, kidogo, kiasi kilekile. Mimi nitaipima dawa kwa isombe yako. Lakini usinirukeruke."

Nilipotoka hospitali daktari aliridhika, lakini mimi nilikuwa na kazi ngumu kuliko kulazwa. Nani atamwambia? Mume wangu alijitazama viatu. Nikapanda basi mwenyewe hadi Kabuga.

Nilimkuta sokoni amesimama kwenye kinu, anatwanga, kitenge kimefungwa kiunoni, anagombana na mteja. Aliponiona aliangusha mchi. "Figo imefanya nini?"

"Figo haijambo. Kaa."

Akakaa juu ya gunia la majani. Nikamweleza yote kama nilivyoelezwa, polepole. Nilimwona akijaribu kwanza kumkasirikia daktari, kwamba ni mtoto, kwamba amekulia Uganda anajua nini cha isombe. Kisha akanitazama pajani, pale kwenye ile alama, nikampandishia nguo kidogo aione. Hasira ikamwisha yote.

"Kwa hiyo nilikuwa nakuua."

"Ulikuwa unanilisha."

"Nilikuwa naua figo yangu kwa mkono yangu mwenyewe." Machozi yakamtoka hapohapo mbele ya wateja, yeye asiyelia hata kwenye msiba. Nilimshika mkono, una ukijani kwenye mistari yote ya kiganja, ukijani usiotoka hata siku ya sikukuu. Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonipa figo. Siku ya figo nilikuwa mgonjwa, sikuwa na nafasi ya kumpenda vizuri.

Hakukaa kwenye gunia muda mrefu. Alijifuta kwa kitenge, akauliza, "Kidogo ni ngapi?"

Nikamwambia daktari amesema kama vijiko viwili vya kulia. Akashangaa. "Viwili? Hiyo ni ya kuonja." Lakini alikwisha kuinuka. Akaenda kwa jirani yake muuza vyombo akarudi na vikopo vidogo vyenye vifuniko, vya plastiki ngumu, vyote vya kipimo kimoja. Akatia vijiko viwili katika kila kimoja, anakitazama kwenye mwanga, anapunguza, anaongeza, kama mimi ninavyopima kiuno cha mteja. Tangu siku ile Jumamosi sufuria ilikoma. Vilikuja vikopo, kimoja cha kila siku, na ole wangu nikila viwili. Alikuwa anapiga simu mchana kuuliza, mbele ya wateja wangu, "Umekula kikopo ya leo?" Wateja walidhani ni dawa.

Mkono wa daktari ukatulia. Akipima Jumanne, damu ilikuwa pale alipoitaka, juma hili, na juma lililofuata, hata akaacha kuniita kila Jumanne. Nilijichoma sindano siku yoyote ya wiki, tone likatoka lenye adabu, likakoma. Nilirudisha wateja wangu wote isipokuwa mmoja, na huyo simtaki.

Siku ya picha ya mwisho mdogo wangu alifunga biashara akanisindikiza. Daktari alikuwa hajawahi kumwona. Nilipomtambulisha alisimama, akampa mikono miwili, akasema, "Mama wa sufuria." Mdogo wangu akatazama chini, ajabu kwa mtu yule.

Nikalala, ute ukapakwa, kifaa kikazunguka. Nilitazama dari. Nilimsikia mdogo wangu akipumua. Daktari alirudisha kifaa palepale mara nyingi kama siku ile ya kwanza, akanyamaza kama siku ile, nami nikaanza kusali kimyakimya.

"Hakuna," akasema. "Limekwisha."

Akageuza kioo. Ukuta wa moyo ulikuwa mtupu, unafunga na kufungua bila kitu cha kuuzuia. Nilicheka, nikashindwa kuacha. Mdogo wangu alitazama kioo, akakunja uso.

"Daktari, hiyo ni moyo. Mimi nilikuja kuona figo yangu."

Kijana wa watu hakubisha. Akabadilisha kifaa, akanifunua chini ya tumbo upande wa kulia, mahali walipoliweka, akabonyeza polepole. Pale kwenye kioo likatokea, duara refu, lenye weusi na weupe, na damu ikipita ndani yake kwa rangi nyekundu na ya buluu. Daktari akalipima, akasema limekua kubwa kuliko siku lilipoingia, kwa sababu linafanya kazi ya mawili, na limo katika hali nzuri sana.

Mdogo wangu alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Hakuwahi kuliona, wakati lilipokuwa kwake, wala tangu lihamie kwangu. Nilingoja utani wake, kwamba ni la Kabuga, kwamba yeye ndiye aliyelifundisha. Akaweka ule mkono wake wa kijani juu ya tumbo langu, juu ya ute na yote, akautuliza hapo.

"Figo yako iko nzuri, dada," akasema.